Hazadi za Bwana Kinyonga

Jina la Kinyonga hakupewa na wazazi wake. Alipewa na madereva wenzake wa kiwanda cha vioo, na kwa kweli hawakumwonea, maana ukijikuta nyuma ya lori lake kwenye mwinuko ulikuwa na muda wa kula, kusinzia na kugombana na abiria mwenzako kabla hujapata nafasi ya kumpita. Mwingine angenuna. Yeye jina alilipokea kwa mikono miwili akalifanya cheo, na ukimwita Kinyonga kavu, bila "Bwana" mbele yake, alikuwa anakukata jicho.

Mwendo wake ulikuwa na sababu. Alibeba vioo: mabamba marefu kuliko mlango wa nyumba, yamesimamishwa wima kwenye fremu ya mbao, yametenganishwa kwa vipande vya mpira na kukazwa kwa mikanda. Bamba la namna hiyo halingoji ajali ndipo livunjike. Linavunjwa na breki ya hasira, na shimo lililochelewa kuonekana, na kona iliyokatwa na mtu mwenye haraka ya kuwahi chai. Bwana Kinyonga alikuwa amezeekea kazi hiyo, mvi zimemtoka masikioni hadi utosini, na hakuwahi hata siku moja kufikisha bamba lenye ufa. Hilo alilisema mwenyewe bila kuulizwa, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kitu cha pili alichojivunia ni taa zake za hadhari, zile zinazomwekamweka kushoto na kulia kwa pamoja, ambazo madereva wote huziita hazadi. Madereva wengine huziwasha gari linapowaharibikia. Yeye aliziwasha anapotoka getini kiwandani na kuzizima anaposhusha mzigo. Mvua, jua, mlima, bonde, katikati ya mji, hata kwenye mzunguko wa barabara ambapo kila mtu anataka kujua mwenzake anaelekea wapi, Bwana Kinyonga alikuwa anamwekamweka tu. Akitaka kukata kona alitoa mkono dirishani akaupunga. Waliomtukana aliwasamehe kwa kuwaonea huruma.

"Ni adabu," alikuwa akisema. "Namwambia aliye nyuma: samahani ndugu yangu, najua nakuchelewesha, nivumilie."

Aliyemsumbua kuhusu adabu hiyo alikuwa mmoja tu, na bahati mbaya alikuwa amemzaa mwenyewe. Binti yake wa kwanza alikuwa mwalimu wa udereva. Chumba chake cha kufundishia kilikuwa juu ya duka la vipuri, na katikati yake palikuwa na meza kubwa iliyochorwa barabara na makutano, na vigari vya watoto vya kusukuma kwa kidole. Nyumbani kila mtu alimwita Mwalimu, baba kwa utani, mama kwa majivuno. Leseni yake ilimruhusu kuendesha malori makubwa, na zaidi ya mara moja alikuwa amemwomba baba yake amjaribu kwenye lori la vioo. Baba alijibu kwamba vioo si unga, unga ukimwagika unazoa. Mwalimu aliumia, akarudi kwenye vigari vyake.

Sasa kulikuwa na mzigo wa kwenda mji wa chini, upande wa pili wa mteremko wa kona. Mabamba safari hiyo yalikuwa mapana kupita kiasi, yamechomoza nje ya ubavu wa lori, na kiwanda kilikuwa na kanuni kwamba mzigo wa hivyo hautoki bila gari la kuusindikiza nyuma, lenye bendera nyekundu na kibao. Siku moja kabla ya safari, dereva wa gari hilo aliamka na mgongo umekaza kama ubao. Msimamizi akahangaika na simu asubuhi nzima. Mwalimu aliposikia, akasema gari lake la mafunzo linaweza kubeba bendera kama gari lingine lolote, na siku ya safari hakuwa na mwanafunzi.

Bwana Kinyonga alikubali shingo upande. Mkewe hakukubali kabisa, ila hakuna aliyemwuliza.

Mama huyo alikuwa na kazi yake kila asubuhi ya safari. Alisimama nyuma ya lori, lililolala hapo nyumbani, na kikombe cha chai mkononi, mumewe akiwa juu kwenye usukani, na alitangaza taa moja moja. "Kulia! Inawaka. Kushoto! Inawaka. Breki! Ipo." Ndivyo walivyofanya tangu walipooana, na hakuna siku lori liliondoka bila sauti yake. Asubuhi ile alizitangaza zote, zote ziliwaka. Halafu akazunguka hadi dirishani kwa mumewe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Huo mteremko naujua," alisema. "Nimezika watu wa huo mteremko. Umenichukulia mtoto mzima, mrudishe mzima."

"Mtoto gani mama? Si ana watu wazima na ndevu zao anaowafundisha?"

"Nimeshasema." Akamwaga machicha ya chai chini akaingia ndani.

Getini kiwandani, kabla hawajaondoka, Mwalimu naye akaja dirishani. Alikuwa amevaa fulana ya rangi ya chungwa inayomwagika mabegani, na uso wake ulikuwa ule wa mtu aliyekwisha kujua atajibiwa nini.

"Baba, leo naomba uzime hazadi."

"Tumeanza."

"Nisikilize kidogo tu. Mimi niko nyuma yako na bendera, watu wataniona mimi kwanza. Hazadi zikiwaka muda wote, indiketa zako hazina kazi tena. Ukitaka kukata kona sijui, na wa nyuma yangu hajui. Ziwashe tukipata tatizo, au ukipunguza mwendo ghafla. Wakishakuona, zima."

"Hayo ya kitabuni."

"Kitabu kimeandikwa na watu walioona damu, baba."

Bwana Kinyonga alihisi masikio yakipata moto. Wapakiaji walikuwa wamesimama pale pale wakisikiliza, mmoja ameshaanza kutabasamu. Kufundishwa kazi na mtoto uliyemfundisha kutembea ni jambo moja. Kufundishwa mbele ya wapakiaji ni jambo lingine.

"Vioo vikiwa mgongoni kwangu, hazadi haizimwi," alisema kwa sauti iliyowafikia wote. "Na usije ukanipigia honi wala taa njiani kunikumbusha. Ukinipigia nitajua ni ubishi wako tu."

"Na kama ni kitu kingine?"

"Kitu gani kingine?" Akapandisha dirisha. Simu aliizima akaitia kwenye droo ya dashibodi, kama alivyofanya siku zote, maana kuongea na simu huku umebeba vioo alikuona ni uhuni.

Safari ilianza vizuri. Barabara ilikuwa pana, magari yaliwapita bila tabu, na kwenye kioo cha pembeni Bwana Kinyonga aliliona lile gari dogo la mafunzo likimfuata kwa umbali uleule, bendera inapepea, halisogei wala halibaki. Moyoni alimsifu. Anajua kukaa nyuma ya mzigo, alijisemea, hilo nimpe. Na akili yake ikaingia katika mambo ya mwisho wa mwaka, ambapo kiwanda kilitaka apumzike na lori lipate dereva mwingine. Waliotajwa aliwakataa wote moyoni mwake, mmoja ana haraka, mwingine anapenda muziki mkubwa. Jina la binti yake lilikuwa linakuja, naye alikuwa analifukuza.

Walipokaribia mlima walikuta daraja dogo linatengenezwa, na magari yote yanatupwa kwenye njia ya mchepuko. Ilikuwa njia ya vumbi iliyochimbika na kukauka, makorongo matupu. Lori lilipanda, likashuka, likayumba kama mtu aliyeteguka nyonga. Bwana Kinyonga alilipitisha pole pole mno, meno ameyauma, anasikiliza mpira ukisuguana na vioo. Hakuna kilicholia vibaya. Waliporudi kwenye lami alishusha pumzi, akatazama dashibodi. Mishale miwili ya kijani ilikuwa inawaka na kuzima kwa pamoja, kushoto na kulia, adabu yake iko pale pale.

Ndipo gari la nyuma likaanza kumpigia taa.

Mara ya kwanza alidhani ni jua. Mara ya pili aliona wazi: taa kubwa, wa-wa, wa-wa, halafu kimya, halafu tena. Akacheka kwa hasira. Huyu mtoto ameshindwa hata kungoja tufike! Mteremko ulikuwa umeshaanza, ukuta wa mwamba uko kushoto kwake, na kulia, ng'ambo ya upande wa magari yanayopanda, bonde lililojaa ukungu mwepesi. Alishusha gia hadi ile ya chini kabisa, lori likanguruma na kutambaa. Nyuma ya Mwalimu foleni ilikuwa inajengeka: pikapu, basi kubwa la abiria, na vingine alivyoviona nusu nusu kila kona ilipojikunja.

Wa-wa, wa-wa. Kisha honi.

"Piga," alisema Bwana Kinyonga peke yake. "Piga mpaka betri iishe. Sizimi."

Hapa inafaa kueleza jambo ambalo kila dereva wa barabara ile alilijua. Lori kubwa linamziba aliye nyuma asione mbele, kwa hiyo madereva wa malori walikuwa wamezoea kuwasaidia wenzao kwa indiketa. Lori likiwasha ya kulia, maana yake tulia, kuna gari linakuja. Likiwasha ya kushoto, maana yake njia nyeupe, pita. Haimo katika kitabu chochote, na Mwalimu aliwakataza wanafunzi wake kuitegemea. Lakini watu waliitegemea, na waliiamini kuliko macho yao.

Pikapu ndiyo ilikuwa ya kwanza. Bwana Kinyonga aliiona kwenye kioo ikichomoka kwenye foleni, ikalipita gari la mafunzo, ikaja ubavuni kwake inapiga kelele, na yote hayo kwenye kona ambayo hata yeye aliye juu hakuuona mwisho wake. "We! We! We!" alipiga kelele, na mkono akautoa dirishani akaupunga wa kuirudisha. Dereva wa pikapu naye akampungia, kwa furaha, kama mtu anayeshukuru. Gari dogo jeupe likatokea mbele linapanda. Pikapu ikajichomeka mbele ya lori kwa upana wa kiganja, gari jeupe likapita likilia honi, na Bwana Kinyonga akajikuta amekanyaga breki kuliko alivyopenda. Nyuma yake vioo vililalamika.

Watu wamerogwa leo? Mimi nawawekea hazadi, nawaambia kuna hatari, wao wanakuja kama wameitwa!

Wa-wa, wa-wa, honi, honi. Sasa Mwalimu hakuacha hata kidogo. Na kwa mara ya kwanza mzee aliingiwa na shaka, maana binti yake alikuwa mbishi, lakini hakuwa mpumbavu, na mtu mwenye ubishi tu angeshachoka.

Hakupata nafasi ya kulifikiria. Kona iliyofuata ilikuwa ile mbaya, ile iliyojikunja kwa ndani, ambayo mwamba wake umechubuliwa na mabodi ya magari. Kwenye kioo aliona pua ya basi ikitoka. Ilitoka bila wasiwasi, taratibu, kama basi linaloondoka kituoni. Basi zima lilikuwa linahamia upande wa kulia, na nyuso za abiria alikuwa anaziona kupitia kioo cha mbele cha basi hilo.

Gari la mafunzo lilikata kulia. Mwalimu alilipeleka katikati ya barabara, juu ya mstari kabisa, mbele ya basi, akaziba njia kwa kile kigari chake na bendera yake. Basi lilipiga honi ndefu isiyokwisha. Likainama kwa breki, likamsogelea, likamfikia, mdomo wake mkubwa uko juu ya kibao cha mafunzo. Mwalimu hakutoka.

"Rudi!" alilia Bwana Kinyonga. "Rudi mwanangu, rudi nyuma yangu!"

Na mbele, kwenye kona, likatokea lori la mafuta.

Lilikuwa linapanda kwa nguvu, limejaa upande wake wote, haliwezi kukwepa popote maana pembeni yake ni bonde. Bwana Kinyonga alilibana lori lake kwenye mwamba hadi akasikia vichaka vikikwaruza mlango wa kushoto. Lori la mafuta likampita hapo kulia kwake. Halafu kioo chake cha pembeni kikajaa tangi. Tangi lilipita, likapita, likazidi kupita, refu kama ukuta wa kiwanda, na nyuma ya ukuta huo alikuwa mtoto wake. Akasikia mlio mfupi wa kitu kilichovunjika.

Mguu wake ulikuwa tayari juu ya breki. Kila kitu mwilini mwake kilimwambia kanyaga, simama, shuka ukaone. Lakini kama Mwalimu alikuwa amejichomeka nyuma yake, pale katikati ambapo kioo cha pembeni hakifiki, basi akikanyaga tu, gari lile lingeingia chini ya fremu, na mabamba yale mapana yalikuwa usawa wa shingo yake. Na kama hakujichomeka, basi hakuna breki itakayomsaidia tena. Akauondoa mguu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya kwenye usukani. Alilishika lori kwenye mwendo wake uleule, asikaze, asilegeze, huku machozi yanamteremka na mdomo wake unarudia neno moja: mzima, mzima, mzima.

Tangi likaisha. Nyuma yake aliliona basi, limesimama limepinda, nusu limerudi upande wake. Gari la mafunzo hakuliona.

Baada ya kona palikuwa na kipande cha kando kilichopanuliwa, ambapo malori husimama kupoza breki. Aliingia pale vibaya, kwa pupa, kama dereva wa wiki ya kwanza. Tairi la mbele lilipanda jiwe likashuka kwa kishindo, na juu ya fremu kioo kikatoa mlio mwembamba na safi alioujua kwa kuusikia kwenye mizigo ya wenzake. Bamba limepata ufa. Lilimpita sikioni kama habari za mtu mwingine. Alishuka, akalishika lori kwa mkono na kutembea hadi nyuma.

Gari la mafunzo lilikuwa pale. Limesimama karibu sana na mkia wa lori, kioo chake cha pembeni upande wa kulia kimeng'olewa kimebaki waya, bendera imepinda. Mwalimu alikuwa ndani, mikono yote miwili kwenye usukani, macho mbele.

Bwana Kinyonga alifungua mlango. Alitaka kumkumbatia, lakini hofu ikatoka kama hasira.

"Una wazimu wewe? Unaziba njia mbele ya basi? Unataka kuniua?"

Mwalimu aliuondoa mkono mmoja kwenye usukani, akaonyesha mbele, juu ya bega la baba yake.

Mzee aligeuka. Hakuwahi kulitazama lori lake kutoka pale, likiwa limewasha taa zake, injini inaunguruma. Alizoea kuambiwa. Taa ya kushoto ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, rangi ya chungwa, safi, inaonekana hata mchana ule. Ya kulia ilikuwa giza. Aliisogelea, akaigonga kwa kidole, akatia kiganja kuikinga na jua. Giza. Makorongo ya mchepuko yalikuwa yameikata balbu, na mishale ya dashibodi iliendelea kumwekamweka miwili kana kwamba hakuna kilichotokea. Kama angewasha indiketa ya kulia mara moja tu tangu pale, ingepiga haraka haraka ikamwambia kwamba balbu imekufa. Hakuiwasha, maana yeye hazadi haizimwi.

Dereva wa basi alikuwa ameshuka anakuja mbio, kijana mnene mwenye jasho, na alianza kusema akiwa bado mbali.

"Mzee, unatuchezea? Si wewe uliyenipa kushoto? Mteremko mzima unanipa kushoto, pita, pita, pita! Nimepita, huyu dada anajitupa mbele yangu! Nina watu humu mzee, nina mama ana mapacha kiti cha kwanza!"

Bwana Kinyonga alikuwa anaitazama ile taa. Pikapu alikuwa ameiita yeye. Basi alikuwa ameliita yeye. Yule aliyempungia mkono wa furaha alikuwa anamshukuru kwa kweli. Na mtu mmoja tu alikuwa anajua, mtu huyo alikuwa anampigia taa na honi tangu kilele cha mlima, na yeye alikaa kule juu akicheka.

Aliinama mlangoni kwa binti yake. Hakujali kwamba dereva wa basi yuko pale, wala abiria waliochungulia madirishani.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nimekukosea. Nusura nikuue kwa ubishi."

Ndipo Mwalimu akalia. Alilia kwa sauti, kama alivyolia utotoni akiangushwa na baiskeli, na baba yake alimshika kichwa akakibana tumboni kwake hadi kilipotulia. Dereva wa basi alisimama akijikuna shingo. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo kwamba asante dada, na akaenda kuwaambia abiria wake washuke wanyooshe miguu.

Balbu ya akiba ilikuwepo, kwenye kopo la maziwa chini ya kiti, mzee hakuwa mtu wa kukosa balbu ya akiba. Vidole vyake ndivyo vilivyokataa. Mara mbili aliiangusha. Mwalimu akaichukua, akaifuta kwa fulana, akaisukuma na kuizungusha mpaka ikashika.

"Panda ujaribu," alimwambia baba yake.

Bwana Kinyonga hakupanda. Alinyoosha mkono mlangoni mwa lori akazima injini, akachomoa funguo, zile zenye kipande cha mpira cha kuzuia zisikwaruze, akamtia mkononi.

"Panda wewe. Mimi nakaa nyuma."

"Baba, vioo si unga."

"Nilisema upumbavu. Bamba moja limeshapasuka, na aliyelipasua ni mimi. Panda."

Utingo wa basi alishindwa kujizuia alipomwona mzee mrefu vile anajikunja kuingia kwenye kigari chenye kibao cha mwanafunzi juu. "Mzee, leo ndiyo unaanza darasa?" alisema. Bwana Kinyonga alimjibu kwamba ndiyo, leo, na amechelewa.

Walishuka mteremko uliobaki hivyo. Mwalimu aliwasha hazadi wakati wa kutoka pale kando, alipokuwa anarudisha ule mzigo mzito barabarani kwa mwendo wa kutambaa. Foleni ilipokaa sawa nyuma yake, akazizima. Kisha, kabla ya kila kona, aliwasha ya kulia, mapema, na kuizima kona ilipokwisha: tulieni, kuna gari linakuja, tulieni. Alikuwa hakubaliani na lugha hiyo, lakini alijua kwamba siku hiyo watu walikuwa wanaisoma. Ya kushoto hakuiwasha hata mara moja mpaka walipofika chini. Bwana Kinyonga alikaa nyuma yake na hakuondoa macho kwenye taa zile hata kupepesa. Hakujua kama lori lake lilikuwa kubwa namna ile. Hakujua kama aliye nyuma haoni kitu kabisa, ila kile anachoambiwa.

Jioni walipofika nyumbani, mama alikuwa amesimama getini. Alimwona binti yake akishuka kwenye lori, na mumewe akijikokota kutoka kwenye gari dogo lisilo na kioo cha pembeni. Aliangalia ule waya unaoning'inia. Alimshika binti yake mabega, akamgeuza huku na huku, akamkagua kama anavyokagua nguo iliyotoka kwa dobi.

"Yuko mzima," alisema mumewe kwa sauti iliyokatika. "Si kwa sababu yangu."

Mama aliwaingiza wote wawili ndani, akawatengea chakula.

Asubuhi iliyofuata ya safari, Mwalimu alipanda kwenye usukani, na mama alitoka na kikombe chake cha chai kwenda kusimama mahali pake. Alikuta mumewe ameshafika. Amesimama nyuma ya lori, mikono mgongoni, macho ameyakaza kwenye taa.

"Kulia!" alipaza sauti mzee. Taa ikawaka. "Rudia ya kulia!" Ikawaka. "Tena!"

"Baba, chai inapoa," alisema mkewe. "Inawaka. Hata kipofu anaiona."

"Najua," alisema Bwana Kinyonga. "Rudia, mwanangu."